Mzee Aliyetafuna Homa

Marahaba, wanangu, kaeni. Naandika kama ninavyosema, maana herufi nilijifunza ukubwani, baada ya magharibi, mikono ikinuka ngozi za ng'ombe na macho yakiwasha kwa moshi wa taa. Anayetaka Kiswahili cha kunyooshwa akakitafute kwa wengine. Mimi leo nina hasira.

Juzi nilipita dukani kuchukua chumvi. Vijana wawili wanaofanya kazi niliyoifanya mimi walikuwa nyuma ya magunia, hawakuniona. Mmoja akasema, "Bi Salima alikuwa na bahati tu. Kila alichochagua kilinyooka." Mwenzake akaitikia, "Bahati, na dua."

Dua naikubali. Sijaacha sala tangu nivunje ungo, na sitaacha kwa sababu goti limekufa. Lakini bahati? Mtu akikuambia ulibahatisha, amekufutia kazi yako yote kwa neno moja. Na ninyi mkiamini ni bahati, mtakaa vikaoni kungoja bahati, na wenye midomo mikubwa watawachagulia. Kwa hiyo nawaambia tulivyokuwa tunachagua. Halafu nitawaambia habari ya Mzee Kaijage, maana bado imenikaa kooni.

Nilianza kwa kuchambua kahawa kwenye ghala la Mwinyi Faki, pale Bugene. Mwinyi Faki alikuwa mfanyabiashara, watu wao wametoka pwani. Akinunua ngozi na kahawa, akiuza chumvi na kitambaa cha marikani. Kwenye ghala lile kila siku kuna la kuamua. Msafara upite njia ipi, mzigo upi utangulie, kiongozi wa wapagazi awe nani. Na kila siku wanaume walikuwa wanaamua kwa kupiga kelele. Mwenye sauti nene ndiye mwenye njia.

Mkewe, Bi Mwanaharusi, hakupiga kelele. Alikuwa na mfuko wa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu wanazochezea bao huko kwao. Siku moja wanaume wamegombana hadi wamechoka, njia zikiwa tatu, na yeye akaniita uani.

"Salima, kaa. Sahau njia. Niambie msafara unataka nini."

"Maji," nikasema. "Ufupi wa njia. Na amani, wasiporwe."

"Haya. Maji na ufupi. Ukinyimwa kimoja, kipi kitakuumiza?"

"Maji."

"Ufupi na amani?"

Nikafikiri. "Ufupi."

"Amani na maji?"

"Amani. Mtu akichomwa mkuki maji atayanywa nani?"

Alicheka mpaka ushungi ukamvuka. "Tazama binti huyu! Maji yameushinda ufupi. Ufupi umeishinda amani. Halafu amani inayashinda maji! Hawa ni walevi watatu, kila mmoja anasema yeye ndiye mkubwa. Kuna mmoja umemsemea uongo. Yupi?"

Nikainamisha kichwa. "Ufupi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bwana anapenda watu wafike mapema."

"Basi hiyo si haja ya msafara. Hiyo ni haja ya bwana. Anza tena."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi. Mambo yote kwa pamoja hayapimiki, kichwa kinajaa kama mzinga. Unayashika mawili, unauliza lipi zito, na ni zito kidogo au zito sana. Halafu unaangalia majibu yako yasizunguke yakarudi yalikotoka. Yakizunguka, kuna pahali umejidanganya. Ukimaliza, kila jambo unalipa bakuli lake, zito lina komwe nyingi, jepesi lina chache. Sasa ndiyo unaleta zile njia tatu. Bakuli la maji unaligawa, njia hii inastahili komwe ngapi humu, ile ngapi. Unagawa na la amani, unagawa na la ufupi. Mwisho kila njia ina rundo lake, na rundo kubwa linaonekana hata na mtoto.

Lakini shikeni hili. Uzito wa mabakuli unakubaliwa kwanza, kabla mtu hajataja njia anayoipenda. Bi Mwanaharusi alikuwa akisema, ukishamtaja mchumba, hata pengo lake utaliita mwanya.

Na msidhani komwe zina akili. Wakati mmoja tulitaka kununua punda, wameletwa watatu. Nikapima nguvu, nikapima umri, nikapima kwato na meno, nikajisifu. Akashinda dume mmoja mzuri, mweusi mgongoni. Tumefika kijito cha kwanza, maji ya kufika hapa kwenye kifundo, punda kasimama. Tulimsukuma, tukamwimbia, mpagazi mmoja akamsomea Fatiha. Hakuvuka. Ilibidi mizigo ivushwe vichwani na punda afungwe kamba, aburutwe kama mwizi. Nilirudi nimenuna, Bi Mwanaharusi akaniuliza, "Bakuli la kuvuka maji uliliweka?" Sikuliweka. Karagwe hii yenye vijito kila bonde! Jambo usilolipa bakuli halipimwi, hata likiwa ndilo litakalokuja kukutia aibu.

Tena kuna watu wanakuja kwako wameshachagua. Shabani, fundi wa kushona, alikuja siku moja ana wasichana wawili moyoni, nimpimie. Nikamwambia aseme anataka nini kwa mke. Akasema kupika. Bakuli la kupika akalipa komwe karibu mfuko mzima. Dini akaipa moja.

"Shabani, dini moja?"

"Dini nitamfundisha, Bi Salima."

"Na kupika huwezi kumfundisha?"

"Mimi nijue kupika?"

"Shabani, Mwajuma ndiye anayepika vizuri, na mama yako hamtaki Mwajuma. Umeshachagua. Unataka bakuli likakusemee kwa mama yako. Nenda kaseme mwenyewe." Alikasirika, akaenda. Mwajuma alimpata, na sasa wana watoto wanne, na yeye kitambi.

Basi. Baadaye Mwinyi Faki alinipeleka upande wa Nyakatuntu kuangalia kambi ya kupokelea misafara. Bi Mwanaharusi alikuwa anarudi pwani, akaniachia mfuko wake wa komwe. Kambini tulikuwa nyumba chache tu, wengine Waislamu wa biashara, wengine wenyeji wenye migomba yao. Mume wangu alikuwa mtu wa safari, miezi mingi haonekani. Nilikuwa na binti yangu, Zaituni, ameolewa na Yusufu, kijana wa hapo hapo. Zaituni alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshatangulia mbele yake.

Chemchemi yetu ikaharibika. Ng'ombe wa kupita walikuwa wanaikanyaga hadi ikawa tope tupu. Ikabidi kambi yote ihame kabla masika hayajafunga. Pahali pa kuhamia palikuwa patatu. Kivukoni, chini kabisa kando ya mto, pale mitumbwi inapovusha watu. Migombani, katikati ya bonde. Na Mlimani, penye maji yanayotoka kwenye mawe, lakini kupanda ni kupanda kweli.

Mkubwa wa pale alikuwa Mzee Kaijage. Mtu wa heshima, anaongea polepole, ukimwamkia anakuuliza habari ya mbuzi wako mmoja mmoja. Mitumbwi ya Kivukoni ilikuwa ya shemeji yake. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

Kikao kikaitishwa, na kwa sababu habari ya kupima kwangu ilikuwa inajulikana, wakaniambia nije nisimamie. Nikaja na mfuko wangu. Mzee Kaijage akazitazama komwe kama anatazama kinyesi cha fisi.

"Hizi ni za kamari ya watu wa pwani."

"Za kuhesabia tu, mzee. Hakuna anayecheza."

"Binti yangu," akasema, "mimi na marehemu Rwiza tulichanjana, tukala buni mbili za ganda moja, yeye ana damu yangu, mimi nina yake. Kahawa inaunganisha damu. Hizi zako zinaunganisha nini? Shauri la Karagwe linakaliwa na kahawa."

Wazee wakaguna, eeeh. Ikaletwa kahawa. Mnaijua ile ya kutafuna, akamwani, imechemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa, mgeni akifika ndiyo anapewa kwanza. Ikatiwa kwenye vikapu vinne vidogo, njia ya biashara, maji, migomba, na homa. Homa ni kwa ajili ya mbu, maana msimu uliopita tulizika. Tukapima mawili mawili, vizuri kabisa, na wanawake siku hiyo walisema. Mke wa Mzee Kaijage, Ma Koku, ndiye aliyesema, "Biashara na homa? Mfu ananunua nini?" Kikapu cha homa kikajazwa kuliko vyote. Mzee mwenyewe akasema, "Sawa." Nilimsikia. Wote tulimsikia.

Kisha kila mtu akasimama kusema kuhusu pahali. Mnajua maneno ya wazee, hayana haraka. Mmoja akaanzia kwa babu yake. Vikapu viko katikati, Mzee Kaijage amekaa kwenye kigoda chake karibu na kile cha homa. Na mkono wake unakwenda. Unakwenda taratibu, unarudi mdomoni. Anatikisa kichwa kwa maneno ya mwenzake, anatafuna. Unakwenda tena.

Nilipovuta vikapu tuanze kugawa, kikapu cha homa kilikuwa na buni za kuhesabika. Kikapu cha biashara kimejaa vile vile.

"Naona homa si nzito kama tulivyodhani," akasema Mzee Kaijage.

"Mzee, umekula homa," nikasema.

Kikao kikacheka. Yeye hakucheka.

"Unasemaje?"

"Nasema kikapu kilikuwa kimejaa. Umekitafuna."

Akageukia wenzake. "Mmesikia? Mwanamke ananihesabia kahawa mdomoni."

Wanangu, mimi nilijua hapo nimeshakwisha. Huku kwetu unaweza kumwita mtu mwongo akakusamehe. Lakini kahawa iliyowekwa mbele ya mtu ni yake, na kumhesabia alivyotafuna ni kumwita mwenye njaa. Yeye alijua hivyo tangu alipozikataa komwe. Wale wale waliokuwa wanaguna eeeh sasa wakaniambia niombe radhi. Nikasema nirudishiwe kwanza homa kikapuni, ndiyo niombe radhi. Waligawa buni zilizobaki. Kivukoni pakashinda.

Watu wananiuliza kwa nini nina hasira mpaka leo. Angesema, "Mimi nataka Kivukoni kwa sababu ya shemeji yangu," ningemheshimu. Tungegombana, tungeamua. Lakini alikubali uzito mbele ya watu, halafu akaubadilisha baada ya kuona unakompeleka, na akajifunika heshima juu. Huo ni wizi. Mwizi wa mbuzi anakuachia zizi. Huyu alituachia vikapu vinne tukaamini tumeamua wenyewe.

Kuhama kulikuwa kunakaribia. Mimi nilishasema sishuki, nitajenga Mlimani hata peke yangu. Watu wakacheka, "Salima atauzia misafara ya nyani." Waache wacheke. Mtoto wangu ndiye aliyekuwa ananikosesha usingizi. Mke anafuata mumewe, na Yusufu alikuwa amekwishakata matete ya nyumba ya Kivukoni.

Nilikwenda kwao. Sasa muelewe, Yusufu ni mkwe wangu, na huku kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Nilikaa upande mmoja wa kiambaza cha matete, yeye upande wa pili, Zaituni anapita katikati na tumbo lake kama mjumbe wa vita.

"Mkwe," nikasema kwenye matete, "sikuja kukuamulia. Nimekuja na komwe. Utazishika wewe, mimi sitagusa hata moja."

Akajibu, "Mama, watu watasema natawaliwa na mkwe."

"Hilo nalo ni jambo. Lipe bakuli lake. Aibu ya kusemwa, bakuli la kwanza. Haya, aibu na homa, lipi zito?"

Nikasikia anacheka kwa ndani. Zaituni akampelekea mfuko. Akaanza kupima. Alikuwa mkweli yule kijana, aibu aliipa nyingi, hakujificha. Biashara nayo nyingi. Homa nyingi. Nilisikia komwe zinagonga bakuli nikawa nasoma moyoni Kulhuwallahu. Akagawa. Kivukoni na Mlimani zikakaribiana, akawa anasita.

"Mama, zimekuwa karibu sawa."

Nilifungua mdomo nimtetee mtoto wangu. Zaituni akanitangulia.

"Mbona mimi hamjaniuliza?"

Akasimama katikati yetu, hapiti tena.

"Kikaoni mmesema habari ya watoto watakaokufa, na ninayezaa ni mimi. Hapa mume wangu anapima, mama yangu anapima. Mimi nabeba mabakuli tu." Akachukua bakuli jingine tupu, nikasikia analiweka chini kwa nguvu. "Hili ni la nani atanishika mgongo nikizaa. Yusufu, ni zito au jepesi?"

Mimi, ninayefundisha watu habari ya punda na kijito, bakuli hilo sikuliona. Nilikuwa nimeshughulika na mbu na Mzee Kaijage.

Yusufu akaushika mfuko. Halafu komwe zikaanguka, nyingi kwa pamoja, kama mvua ya mawe. "Zito," akasema. "Mlimani."

Na matete yake akayapandisha kwa mabega, mbele ya watu, wakimpigia vigelegele vya kejeli.

Masika yakafunga. Zaituni alijifungua Mlimani, mkono wangu mgongoni kwake, mtoto wa kike, alhamdulillahi. Kule chini biashara ilikwenda vizuri sana mwanzoni, siwezi kusema uongo. Halafu homa ikaanza. Ilianza na watoto. Sisi huko juu tulikuwa tunasikia vilio, na ukisikia kilio unahesabu nyumba moyoni, hiki kimetoka wapi. Nilishuka kuosha na kuzika, niliwajua wote kwa majina.

Mvua ilipopungua walipanda. Mbele alikuwa Mzee Kaijage na fimbo, nyuma Ma Koku amebeba mjukuu mgonjwa. Mwingine walishamzika. Niliwapokea. Nilitandika, nikachemsha maji, mtoto nikamlaza karibu na mjukuu wangu. Nikamwekea mzee kahawa mbele yake, maana mgeni ni mgeni.

Hakuigusa. Akasema, "Ndiyo hivyo, Salima. Mungu amependa."

Ningeweza kunyamaza. Mfiwa hasutwi. Lakini mimi ninamsujudia Mungu mara tano kila siku, na jina lake sikuweza kuliacha litumike namna ile.

"Mzee," nikamwambia, "pole kwa mjukuu wako, nami nimemlilia. Lakini usimtwishe Mungu kahawa uliyotafuna wewe."

Akaniangalia. Akamwangalia mkewe, labda amtetee. Ma Koku alikuwa anamfuta mtoto jasho, hakugeuka.

"Mwambie tena," akasema Ma Koku. "Hasikii vizuri sikio la kushoto."

Sikurudia. Alikuwa amesikia.

Mtoto yule alipona. Mzee Kaijage alijenga nyumba yake Mlimani, mbali kidogo na yangu, na tukikutana ananiuliza habari ya mbuzi. Namjibu vizuri. Hasira yangu haijaisha na sijamwomba Mungu aiondoe, nimemwomba tu aiweke pahali pa kufaa. Nadhani pahali penyewe ni hapa, kwenu.

Kwa hiyo mkinikuta nimekaa mlangoni, msiniambie habari za bahati. Mjukuu wangu anatambaa hapa miguuni, meno yameanza kuota, kila anachokiona anakitia mdomoni. Jana aliufikia mfuko. Nilipogeuka alikuwa na komwe shavuni, anaiuma kwa nguvu zake zote, uso umekunjamana. Nikaingiza kidole nikaitoa.

Ilikuwa nzima. Haina hata alama ya jino. Nikaipangusa mate kwenye kanga, nikairudisha kwa wenzake.